Mkwe Mwema na Vidonge vya Chuo

Shemeji yangu kinyozi anapendwa na watu, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanzia. Pita kwenye kibanda chake wakati wowote, utamkuta amemkalisha mteja kitini, kitambaa shingoni, mashine inanguruma hewani bila kugusa unywele hata mmoja, maana mwenyewe anaongea. Kunyolewa na yeye ni kuhudhuria mkutano. Atakumalizia habari za mpira, za serikali na za ndoa ya jirani, halafu atakugeuza kwenye kioo akuulize kama umeridhika, nawe kwa kuchoka utasema ndiyo. Ndiye mume wa dada yangu mkubwa. Mimi nauza mitumba ng'ambo ya barabara, natazamana na kibanda chake kutwa, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona, na yale nisiyoyaona alinisimulia mwenyewe akiwa hana pa kukimbilia.

Mama yetu ni fundi cherehani. Kwa cherehani ile alitulea, akatusomesha, akatuoza. Baridi yabisi ilipomwingia vidoleni, vikavimba na kujikunja hadi akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, vitambaa vya watu vikarundikana mezani. Wateja wakaanza kuja kuvichukua mmoja mmoja, kila mmoja akidai anasafiri. Mtaa mzima ukawa na safari! Mama hakugombana na mtu. Aliifunika cherehani, akafunga mlango wa chumba kile, akaacha kabisa kututania. Hilo la kuacha utani lilinitisha kuliko vidole.

Chuo kikuu kikatangaza kwamba kinatafuta wagonjwa wa baridi yabisi wa kujaribu dawa mpya. Shemeji akajitolea kumpeleka mama, tukamsifu sana. Alirudi na yeye ameandikishwa! Kumbe vidole vyake vilikuwa vinamuuma siku nyingi na alikuwa anatuficha, anasema ni uchovu wa mashine. Usimlaumu. Kinyozi mwenye vidole vibovu, nani atamkabidhi kichwa chake?

Siku ya kuelezwa mambo nilikuwepo. Profesa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliwaambia wagonjwa kwamba nusu yao watapewa dawa yenyewe, na nusu watapewa vidonge vinavyofanana nayo kabisa ila ndani havina dawa. Nani kapewa kipi, mgonjwa hajui, muuguzi hajui, na yeye Profesa hajui. Kompyuta ndiyo inayojua, nayo haitasema mpaka utafiti uishe.

"Sasa kama hata wewe hujui," mama akauliza, "sisi tumekuja kwa nani?"

Watu wakacheka, Profesa naye akacheka, na swali likaishia hapo. Akawauliza kama wameelewa. Wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa. Jamani, mimi nawajua watu wetu: ukimkuta daktari mwenye koti jeupe akakuuliza umeelewa, unaelewa hata kabla hajamaliza kuuliza. Akawaonya wasigawane dawa wala kubadilishana. Wakaitikia hilo pia, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa shemeji.

Mtaani vile vidonge visivyo na dawa tukaviita vidonge hewa, kama wale wafanyakazi hewa ambao majina yapo na watu hawapo. Kila mgonjwa akawa na hofu moja tu, asije akawa amepewa hewa.

Chupa za chuo zilikuwa na kifuniko cha kubonyeza huku unazungusha. Nadhani kilibuniwa na mtu ambaye hajawahi kuumwa kidole. Umempa mgonjwa wa vidole dawa ya vidole, halafu umeifungia ndani ya kitu kinachotaka vidole vizima! Mama hakuweza kukifungua, kwa hiyo shemeji ndiye aliyekuwa akikifungua, kwa meno, na kummiminia vidonge kwenye kopo la mdomo mpana ambalo mama angeweza kuingiza mkono. Anamshika mkono kwenda kliniki, anambebea mkoba, anamfungulia dawa. Mtaa ukamwita Mkwe Mwema. Wanawake wakawa wanawasimanga wakwe zao kwa mfano wake. Dada yangu alitembea kifua mbele, na mimi, ambaye sijawahi kumsifu shemeji kwa lolote, nilianza kujishuku kwamba nina roho mbaya.

Sasa sikiliza. Muuguzi alikuwa amewaambia kwamba dawa huenda ikawatapisha. Mama ni mtu wa kutii maagizo. Ameambiwa huenda akatapika, basi jioni ile ile akatapika, na kesho yake tena. Shemeji yeye akameza vidonge vyake, akangoja, hakusikia hata kichefuchefu. Kila asubuhi akawa anapita kwa mama kumjulia hali.

"Shikamoo, mama. Umetapika?"

"Marahaba. Nimetapika, mwanangu."

"Ah. Vizuri, mama."

Halafu anaondoka kichwa chini kwenda kibandani, na siku hizo ndizo pekee nilizowahi kumwona akinyoa bila kusema neno. Nikadhani anamhurumia mama. Huruma ya wapi! Wivu ulikuwa unamtafuna. Kwa akili yake, dawa ya kweli lazima ipigane na mwili, na isiyokutikisa ni chaki. Mama anatapika, basi mama ndiye mwenye dawa. Yeye yuko salama salmini, basi yeye kapewa hewa. Na hao wagonjwa wawili, chupa za wote ziko mkononi mwake.

Niliyoyajua baadaye nayasema sasa ili usihangaike. Alibadilisha. Vyake akavimimina kwenye kopo la mama, vya mama akavitia kwenye chupa yake, mwezi baada ya mwezi, na kila alipofanya hivyo mama alimwombea dua.

Basi na yeye akaanza kutapika. Wee, alivyofurahi! Alikuwa akitapika nyuma ya kibanda anarudi anatabasamu, anawaambia wateja, "Dawa imenishika kweli kweli." Akakonda, akapendeza kwa macho yake mwenyewe. Vidole, akasema, vinafunguka. Labda vilikuwa vinafungukia upande mwingine, maana mteja mmoja alitoka pale na kisogo chenye ngazi, na mzee mmoja mstaarabu alivaa kofia hadi nywele zilipomwota upya. Kiti cha kibandani kikaanza kukaa wazi. Kumbe na vichwa navyo husafiri.

Mama naye? Mama alisahau kutapika. Siku moja nilimkuta chumba cha cherehani kiko wazi, amekaa dirishani, anatunga uzi kwenye sindano. Akaukosa, akaurudia, ukapita. Akaniinulia sindano niione, akasema, "Wewe na matambara yako ya mitumba, leta hizo nguo zilizochanika nizitazame." Nililia. Mimi, mtu nisiyelia hata msibani, nililia pale pale mlangoni kwa sababu mama amenitania.

Utafiti ukaisha. Tukaitwa ukumbini chuoni, viti vya plastiki, feni za juu, maji ya chupa kila mtu na yake. Profesa akatushukuru kwa mchango wetu kwa sayansi. Akasema dawa imeonekana kuwafaa wengi, na wale waliokuwa wanapewa dawa yenyewe wataendelea kupewa. Waliokuwa upande wa pili watarudi kwenye matibabu ya kawaida mpaka dawa ipate kibali. Kibali lini? Mchakato unaendelea. Kisha wagonjwa wakaitwa mmoja mmoja kwenye chumba kidogo waambiwe walikuwa upande gani.

Mama alitoka na mwavuli wenye nembo ya chuo, amefura. "Wanasema nilikuwa nakunywa hewa. Wamenichezesha vidole kama mtoto, wakaita na wanafunzi waje wanitazame. Eti nguvu ya imani! Imani yangu ninaijua, haijawahi kutunga uzi."

Nyuma yake akatoka shemeji. Mkononi ana chupa mpya, na uso umemsawijika kwa machozi.

"Umepewa?" nikamuuliza.

"Nimepewa. Nilikuwa upande wa dawa tangu mwanzo."

"Sasa mbona unalia?"

Akanivuta pembeni akanieleza yote. Nilimsikiliza hadi mwisho, na nilipoelewa kwamba mama yangu amepona kwa kuibiwa, na kwamba dawa iliyomponya sasa inaandikwa kwa jina la mwizi, nilimpiga kwa ule mwavuli. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza mwavuli ule kuifanya. Kisha nikamburuta hadi ofisini kwa Profesa akaseme kweli.

Profesa alitusikiliza huku kalamu yake imesimama. Shemeji alisema kila kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutia chumvi. Alipomaliza, Profesa aliinuka akafunga mlango.

"Baba," akasema, "kama ulibadilisha dawa na mgonjwa mwenzako, kanuni inanitaka niwaondoe nyote wawili. Anayeondolewa haendelei kupewa dawa. Wewe hutapata, na mama mkwe wako hatapata."

"Lakini mama ndiye aliyepona!" nikasema.

"Kwenye utafiti wangu, mama alikunywa vidonge visivyo na dawa."

"Kwenye utafiti wako, sawa. Na kwenye vidole vyake?"

Alikaa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sasa nitamuuliza baba mara ya pili, maana huenda sikusikia vizuri. Ulibadilisha dawa?"

Shemeji akanitazama. Mimi ndiye niliyemburuta pale aseme kweli, na mimi ndiye niliyejibu. "Hakubadilisha. Amechanganyikiwa tu, anaumwa."

"Nilidhani hivyo," Profesa akasema, na akatufungulia mlango kwa mkono wake.

Nilitoka pale na hasira. Watu wamesoma hadi macho yameisha, wana mashine za kuchungulia ndani ya damu, na ukweli ukiwajia wenyewe kwa miguu hadi mlangoni, wanaubembeleza urudi ulikotoka. Na mimi nimewasaidia kuurudisha. Ningefanyaje? Chupa ilikuwa moja, na ilikuwa afadhali kuliko hakuna.

Nyumbani nilimwambia mama mbele ya dada, sikuzunguka. Shemeji alikaa karibu na mlango kama kuku aliyenyeshewa, chupa magotini. Nilidhani mama atamlaani. Mama alicheka! Alicheka hadi akashika mbavu.

"Yaani kila mwezi unaniibia, na mimi kila mwezi napona? Mwizi wa namna hii mtu anamtafuta wapi? Njoo uniibie tena, mkwe wangu. Lete."

Akanyoosha mkono. Dada akacheka kwa wasiwasi, nami nikacheka kwa sauti. Shemeji hakucheka. Alivitazama vidole vyake vilivyojikunja juu ya kile kifuniko.

"Na mimi je, mama?" akauliza.

Kicheko kikamwisha mama usoni, akamtazama mkwewe, na mkono haukurudi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nimeshaonja kupona. Wewe hujaonja bado."

"Mama, huyu ni mume wangu," dada akasema.

"Na mimi ni mama yako."

Dada akatoka nje. Shemeji akaiweka chupa kwenye kiganja cha mama, taratibu, kwa mikono miwili. Nilifurahi. Nidanganye? Ni mama yangu. Lakini tangu siku ile dada hanisemeshi, na akipita mbele ya meza yangu anatazama ng'ambo.

Kibandani sasa anayenyoa ni mtu mwingine. Shemeji hukaa kwenye kibenchi na kuongea, na wateja wengine wanasema huduma imekuwa bora, kwa kuwa kinywa na mashine havigombani tena. Mimi pia nilisema hivyo, mara moja, akanisikia.

Kliniki ya kwanza baada ya hapo, muuguzi alimpa shemeji kipira chenye waya wa kwenda kwenye mashine, cha kupimia nguvu ya mkono. Akakiminya, mshale haukutikisika. Profesa akamwambia kwa upole kwamba kama dawa itaendelea kutomsaidia, wataisimamisha. Alikuja na habari hiyo kwa mama, akaisema akiwa amesimama mlangoni. Mama alikuwa anashona. Hakuna aliyemwambia la kufanya.

Kliniki iliyofuata nilimsindikiza, maana njiani na ile chupa simwamini hata kidogo. Alipewa kile kipira. Akakizungushia vidole kimoja kimoja, akikisaidia kila kimoja kwa mkono wa pili, kisha akaminya. Nilisikia vifundo vikilia kutoka nilipokaa. Jasho lilimtoka, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, na huku meno yote nje, anamchekea muuguzi. Mshale ukapanda, ukapanda tena.

"Hongera, baba," muuguzi akasema, akimkabidhi chupa mpya. "Dawa inafanya kazi."