Wakwe wa Kwenye Televisheni

Jamani, acheni nianze kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka, maana hata leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Mkuyuni nageuza uso kama mtu aliyeiba kuku.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, video zimeingia mjini kwa fujo na kila mwenye televisheni anajiona waziri. Mdogo wangu Minza alikuwa anaagwa, anaolewa Usagara, na kwa kuwa baba alishafariki, mama akasema mimi, binti mkubwa, ndiye nitakayezungumza kwa niaba ya familia. Baba mdogo akanuna. "Mwanamke azungumze mbele ya wakwe? Atatuaibisha."

Tatizo, watu wengi wakinitazama ulimi wangu unakauka. Nikapata akili (nilijiona mjanja kweli!): nikaazima kwa jirani mkanda wa video wa harusi yake, nikawa kila jioni nasimama mbele ya televisheni, mwiko mkononi kama kipaza sauti, nawahutubia wale wageni wa kwenye kioo. Wageni wazuri ajabu, makofi na vigelegele bila kuniuliza kitu! Wakwe walikaa kushoto, nikazoea kuinama kushoto, na watu wakisimama kushangilia nawaambia, "Asanteni, kaeni."

Siku ikafika. Nikafumba macho ili niwaone wale wageni wangu, nikageuka kushoto, nikapiga goti: "Wakwe zetu wapendwa, shikamooni!"

Ikaitikia sauti nene: "Marahaba, mwanangu!"

Kufumbua macho, kushoto ni mlango wa jikoni, na aliyeitikia ni mpishi mkuu, kakumbatia beseni la pilau. Wakwe wenyewe wako kulia, wameziba midomo. Nami kwa kuchanganyikiwa nikasema nilichozoea: "Asanteni, kaeni." Hakuna aliyekuwa amesimama! Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, baba mdogo huyo anakuja kuninyang'anya kipaza sauti.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Baba mdogo, naomba ukae, sijamaliza." Nikawageukia wakwe. "Wazee wangu, nisameheni. Nimefanya mazoezi na televisheni, na kwenye televisheni mlikaa kule."

Baba mkwe alicheka hadi akafuta machozi, na ulimi wangu ukalainika wenyewe, nikawaeleza jinsi Minza alivyomuuguza baba, jinsi alivyokuwa akimtoa nje kila asubuhi na kumkalisha juu ya jiwe aone ziwa. "Huyo ndiye tunayewapa," nikasema. "Akilia kwenu, huku kwetu hatulali."

Mama mkwe akainuka akanikumbatia, vigelegele hadi mabati yakatetemeka, na baba mdogo (huyo huyo!) akawa anapita meza kwa meza: "Binti yangu huyo, kanirithi mimi."

Tangu hapo naitwa kuzungumza hadi Ilemela. Ila mazoezi ya televisheni nimekoma. Nikitaka kujaribu hotuba nawaita majirani, wale wanaopiga miayo na kunikatiza maneno.