Macho ya Mzee Yanapita

Jioni, kabla hajavua viatu vya kazi wala kuonja maji, Naliaka husimama nje ya mlango wa baba mkwe wake na kumsimulia barabara.

Haingii ndani. Kwa watu wa kwao, mke wa mwana hakanyagi chumba cha baba mkwe, hampi mkono, hamtazami usoni kwa muda. Mzee Shikanga hukaa kwenye kiti chake mbali na mlango, gizani, kwa kuwa taa haimfai tena, na masikio yake nayo yameanza kuchoka. Kwa hiyo Naliaka husimama nje ya kizingiti na kupaza sauti. Anayekamua ng'ombe husikia. Anayepita nyuma ya ua husikia. Hakuna neno lake la jioni lililowahi kuwa la watu wawili.

Mambo yalianza kwa huruma. Mzee alikuwa nyapara wa wakata miwa, mtu aliyezoea kuamka kabla ya jogoo na kuzunguka mashamba yote kati ya Ekero na mto, akijua nani amepalilia na nani amelala. Presha ya macho ilimnyang'anya pembe za dunia kwanza, kisha katikati yake. Alipobaki gizani kabisa aliacha kula. Obusuma, ugali wa kwao, ilipoa mbele yake, kuku akachinjwa, naye akasema harufu inamtosha.

Jioni moja Naliaka alimsalimu kama kawaida, na kwa kukosa la kuongeza akamwambia kwamba dume la Masinde, jirani yao, lilikuwa limelala katikati ya barabara, na kijana wa bodaboda aliyebeba kitanda alishuka akaanza kulibembeleza kwa Kiingereza.

"Kwa Kiingereza?" sauti ikauliza kutoka gizani.

"Ndiyo, Baba. Alikuwa akiliita 'sa', kama mwalimu."

"Na dume?"

"Dume lilikuwa bado linafikiria."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Usiku huo alikula. Kesho yake, Naliaka hajamaliza salamu, sauti ikauliza, "Leo je?"

Naliaka ni mpishi katika shule ya bweni karibu na Mumias. Kwa miaka alikuwa ameifuata barabara ile ya murram akitazama vidole vyake vya miguu, akiwaza maharagwe yaliyolowekwa na kuni zilizonyeshewa. Sasa alijifunza kuinua kichwa. Aliona jinsi ukungu unavyokaa juu ya miwa kama mtu asiyetaka kuamshwa. Aliona ndege yangeyange wakilifuata jembe la trekta kwa hatua za makarani. Aliona wazee wa kanzu wakitoka msikitini na kusalimiana polepole, na wasichana wa shule waliovua viatu ili wasivichafue kabla ya paredi. Aliokota yote, akayabeba hadi jioni. Nasema alifurahi, kwa sababu alifurahi. Mtu aliyepikia watu wengine maisha yake yote alikuwa amepata kitu chake mwenyewe cha kumpa mtu mwingine.

Na hakuyaokota peke yake. Nusu ya safari, kabla ya daraja, ipo nyumba ya Khalayi, mjane wa Andati, kifungua mimba wa mzee. Khalayi huuza mboga sokoni Mumias. Kila asubuhi alikuwa akimngoja Naliaka langoni, kikapu kichwani, na kutoka hapo wanawake hao wawili walitembea pamoja wakipokezana mambo ya kuona.

"Mwambie mzee lile," Khalayi angesema. "Yule mama amefunga mbuzi kwa mkanda wa bwana yake. Sijui bwana ameenda kazini na nini."

Maswali ya mzee ndiyo yaliyobadilika, taratibu, kama maji yanavyobadilika rangi mvua ikinyesha mbali. Siku moja Naliaka, kwa kupamba tu, alisema ndama wa Masinde walizama shingoni katika majani mabichi kando ya mto, wakabaki vichwa.

"Kando ya mto upande gani?" mzee akauliza.

"Huku kwetu, Baba."

Haikupita wiki, Masinde akaitwa kwa mzee wa mtaa kujibu kesi ya kulisha katika nepia, majani ya mifugo, ya Shikanga. Baadaye Naliaka alitaja vitanda vya Ochieng, seremala, vilivyopangwa kwenye kona viking'aa kwa vanishi. Ochieng akaambiwa aondoe vitanda vyake, kona ile ni ya nani? Naliaka alipomsalimu siku iliyofuata, Ochieng aliendelea kupiga randa. Nyapara alikuwa amerudi kazini. Hakuwa na macho, lakini alikuwa na mke wa mwana.

Barabara ikaanza kujifunga. Wanawake waliokuwa wakifua nje walihamisha makarai nyuma ya nyumba. Watoto waliimba wakimwona, "Macho ya mzee yanapita!" kisha wakatimkia kwenye miwa. Hata Adhiambo, muuza mandazi wa Ekero aliyekuwa akimfungia moja la moto bila kuombwa, alimfunulia beseni lake mbele ya wateja.

"Karibu Mama Sammy, angalia vizuri. Haya yameiva. Hili moja limeungua. Usije ukasahau kumwambia."

Wateja walicheka. Naliaka naye alicheka, kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake.

Alijaribu kupunguza. Akasimulia ndege, mawingu, mvua. Lakini mzee aliijua barabara ile kama ulimi unavyoyajua meno.

"Umetoka kwenye kisiagi cha mahindi ukafika darajani," alisema. "Hapo katikati hakuna watu?"

Alimpigia simu mumewe, Elkanah, anayefanya kazi Eldoret na kurudi sikukuu hadi sikukuu. Alimweleza yote, hata la mandazi. Elkanah alisikiliza, nyuma yake pakiwa na kelele za magari.

"Wewe mwambie tu," akasema. "Inamfurahisha. Shamba bado halijagawanywa, Mama Sammy. Unajua."

Alijua. Nyumba yao ya mabati imesimama juu ya neno la mzee, na neno huweza kurudishwa kinywani. Akaendelea kusimama mlangoni.

Kisha yakaja ya Khalayi. Andati alipofariki, Khalayi alikataa kurithiwa na yeyote wa ukoo, na mzee, mbele ya watu wote wa matanga, alikubali akae katika kile kipande cha shamba karibu na daraja kwa sharti moja: mwanamume wa nje akionekana pale, Khalayi afungashe. Sasa kulikuwa na Weldon, dereva wa trekta kutoka upande wa Chekalini, mtu mpole wa maneno machache. Alianza kwa kurekebisha lango lililoanguka. Siku hizi Naliaka alipofika asubuhi aliikuta trekta imesimama kando ya barabara, na Weldon akinywa chai kwenye kigoda jikoni kwa Khalayi, kofia magotini, kama mtu aliye kwake lakini hana uhakika.

Naliaka hakumsimulia mzee. Khalayi hakumwomba asimsimulie. Walitembea tu, wakizungumzia mbuzi wa watu.

Jioni ile ilikuwa na mawingu mazito. Naliaka alisimama mahali pake akaanza na yangeyange.

"Na kwa Khalayi?" mzee akamkata.

Naliaka aligeuza kichwa. Khalayi alikuwa amekuja na maziwa ya mzee kama kila jioni, naye alikuwa amesimama kando ya jiko, hatua chache kutoka mlangoni, jagi mkononi. Alikuwa amesikia. Hakusogea.

"Mlango ulikuwa wazi, Baba. Kuku walikuwa nje."

"Mimi asubuhi kukiwa kimya nasikianga trekta inashuka. Haivuki daraja. Inazima. Inazima kwa nani?"

"Inachota maji, Baba. Radieta yake inavuja."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Dereva ni mtu wa wapi?"

"Simjui."

Ng'ombe alikohoa zizini. Naliaka hakuwa amewahi kumdanganya mzee huyu, na sasa aliona uongo ni kazi kama kupika: ukishawasha moto lazima ukae nao.

"Una macho mazuri, Mama Sammy," mzee akasema mwishowe. "Usiyafundishe uvivu."

Khalayi alikanyaga chini kwa kishindo kidogo, kama mtu anayefika, akaweka jagi kizingitini.

"Maziwa, Baba."

"Khalayi. Umefika saa hii?"

"Saa hii hii, Baba."

Walikutana nyuma ya ua, Naliaka akimsindikiza.

"Radieta," Khalayi akanong'ona. "Wewe umejifunzia wapi uongo wa mafundi?"

Kicheko kiliwashika, wakaziba midomo kwa leso. Kilipoisha, kiliwaacha palepale kilipowakuta.

"Kesho atauliza kama imetengenezwa," Khalayi akasema.

"Nitasema kipuri hakijapatikana."

"Na kesho kutwa?"

"Mwambie Weldon asije, basi. Kwa muda tu."

Khalayi aliikunja leso yake, akaikunjua.

"Tangu Andati aende, wote wanaoingia kwangu huangalia ukuta na mipaka. Yule huangalia kama nimekula. Siwezi kumwambia. Na wewe huwezi kuendelea hivi, nakujua, siku moja utachoka na litakutoka. Usipitie kwangu tena, Naliaka. Akikuuliza, useme hukupita. Na iwe kweli."

"Nitapitia wapi?"

Khalayi alielekeza kidevu upande wa mto, kwenye miwa.

Ipo njia ya chini, iliyopigwa na trela wakati wa mavuno na kuachwa miwa inapokua. Ni ndefu kuliko barabara, nayo haina mtu. Miwa imesimama pande zote mbili, mirefu kuliko kimo cha binadamu, na majani yake hukata shingo kama wembe usio na nia mbaya. Naliaka sasa hutoka nyumbani giza likiwepo ili awahi kuwasha moto wa uji wa wanafunzi. Haoni mbele wala nyuma. Juu ipo mbingu nyembamba, upana wa njia. Husikia ndege kwera wasioonekana, na mbali, upande wa barabara, husikia honi za bodaboda, mtu akimwita mtu, mara moja kicheko ambacho angeweza kuapa ni cha Khalayi. Watu wamo katika asubuhi yao. Yeye anapita chini yake.

Sokoni, Jumamosi, yeye na Khalayi husalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba jirani zamani.

"Kwa nini unapita chini?" mzee aliuliza siku ya kwanza.

"Ni mkato, Baba."

"Si mkato. Mimi nimeitembea njia hiyo na wakataji wangu. Ni mzunguko. Haya, umeona nini?"

"Miwa."

"Na nini?"

"Miwa, Baba."

Mzee alimtuma Lazarus wa bodaboda awe anamletea habari za barabara. Lakini Lazarus ana wateja pande zote mbili za daraja, na ana akili. Kila alichoulizwa alijibu, "Iko sawa, mzee." Masinde je? Iko sawa. Ochieng? Iko sawa. Na kwa Khalayi? Huko nako iko sawa kabisa. Mzee akamfukuza. Akaanza tena kuacha chakula, na majirani wakaanza kumuuliza Naliaka wanamfanyia nini mzee wa watu.

Jana jioni mvua ilikuwa imemshika njiani. Alisimama nje ya mlango, maji yakimtiririka, akasema miwa imelowa. Sauti ikaja, ya chini kuliko alivyoizoea, ikambidi asogeze sikio karibu na kizingiti.

"Mama Sammy. Rudi barabara ya juu."

"Baba?"

"Rudi juu. Niletee lile dume. Niletee watu. Hapa ndani hakuna kitu, nakaa najihesabu meno." Akapumua. "Sitakuuliza habari ya Khalayi."

Naliaka aliiona barabara yote kwa mara moja: moshi wa Adhiambo, vitanda viking'aa, kikapu cha Khalayi kikimngoja langoni. Aliitaka kama mtu anavyotaka maji. Angeweza kusema ndiyo na kesho asubuhi awe pale, uso wake juani, mbele ya watu. Na hajawahi, tangu aolewe, kumpinga mzee huyu kwa neno hata moja.

"Utauliza, Baba," akasema.

Mvua iligonga mabati. Huko ndani kiti kililia kidogo, kama mtu aliyekaa amegeuka upande wa pili, kisha akageuka tena.

"Ndiyo," mzee akasema. "Nitauliza."

Akangoja. Naliaka naye akangoja, akijua mzee hatakwenda popote, wala yeye mwenyewe hatakwenda.

"Basi niambie miwa," sauti ikasema.

Naliaka alifuta maji usoni kwa mkono, akapaza sauti, akaanza kumwambia miwa.