Kimondo Kilipopita, Askari Akajificha

Jamani, leo nimemwona askari wa akida amelala kifudifudi!

Magharibi imeingia na bado anatuchumisha pamba ya Mdachi. Ukinyoosha mgongo, kiboko. Asubuhi alimchapa shangazi yangu, mtu mzima yule!

Mara mbingu ikawaka. Kimondo kikubwa kikapita juu yetu kikinguruma.

Sisi tukasimama, tukatazama. Nani hapa Kinjumbi hajui kwamba kimondo ni moto ambao malaika humrushia shetani?

Askari yeye akatupa kiboko, akajichimbia kwenye mipamba, kifudifudi.

Shangazi akamwendea polepole, akamwinamia.

"Mbona unajificha, baba? Anatafutwa shetani tu."

Askari akainuka na vumbi usoni, akaanza kupapasa chini, anatafuta kiboko chake.

Ninacho mimi.

Nyie mngemrudishia?