Mama Masikio: Alinunua madume wawili, akasubiri wazae

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ndiyo kwanza unaingia uani, na Mama Masikio tayari anagombana na mtu. Mtu mwenyewe ana miguu minne, manyoya ya kijivu na sikio moja lililolala, naye amekalia bakuli lake la maji kama aliyekalia kiti cha urithi.

"Toka hapo, bwana mkubwa. Mchana utakunywa nini?" anamuuliza huku akimsukuma kwa kiganja.

Sungura anatafuna tu. Mama Masikio anacheka, anamwaga yale maji machafu kwenye ndoo, anamwekea mengine, kisha anahamia kizimba cha pili. Huko anapenyeza mkono ndani ya sanduku la mbao, taratibu, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya godoro. Mkono unatoka na kitu kidogo cha rangi ya waridi, kisichotimia hata urefu wa kidole, kimefumba macho.

"Wamezaliwa jana," anasema kwa sauti ya chini. "Ukiona tumbo lake liko mviringo hivi, ujue mama yake anatimiza wajibu. Likiwa limenywea, hapo ndipo nalala roho juu."

Anakirudisha kitoto ndani ya manyoya meupe ambayo mama yake ameyanyofoa kifuani mwake mwenyewe kuwatandikia wanawe. Kisha anafunika sanduku, anajifuta mikono kwenye kanga na kuendelea na safari yake ya asubuhi, kizimba kwa kizimba, akisalimia.

Ua wake si mkubwa. Ukisimama mlangoni ukatupa kandambili, itagonga ukuta wa jirani. Upande mmoja kuna karakana ya mumewe, ambaye ni seremala na kila mtu humwita Fundi. Upande wa pili kuna vizimba, vimepangwa ghorofa mbili chini ya paa la bati lililofunikwa makuti ili jua la mchana lisiwachome wakazi. Majike ni kumi na wawili, madume ni wawili, na watoto, anasema mwenyewe, "usiwahesabu, maana ukifika kizimba cha mwisho, wa kizimba cha kwanza wameongezeka."

Kabla ya sungura, Mama Masikio alikuwa mpishi wa shule. Alipika maharage na wali kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, tangu binti yake mkubwa akiwa mgongoni mpaka binti huyo akawa msichana wa kusuka nywele zake mwenyewe. Kisha shule ikaamua chakula kiletwe na kampuni kutoka nje. Wapishi wakapewa kila mmoja sabuni ya kufulia, mfuko wa sukari na asante.

"Sabuni ilikuwa nzuri, sitasema uongo," anasema. "Ila nilifika nyumbani nikakaa kwenye kigoda, nikajiona kama mwiko uliovunjika mpini. Mikono ipo, kazi haipo."

Alitaka kufuga. Mbuzi, Fundi alikataa katakata. Alisema uani pale mbuzi mmoja angemaliza majani asubuhi, mchana angeanza kula nguo kwenye kamba. Kuku alishawahi kufuga, wakaisha wote kwa ugonjwa wa kideri. Ndipo siku moja sokoni akamkuta mwanamume amebeba sungura wawili ndani ya kapu, akiwasifu kuliko baba anayeozesha.

"Aliniambia, 'Dada, hawa ni jike na dume, wanapendana sana. Mwezi mmoja tu utakuwa unagawa.' Nikalipa. Katika hadithi sungura ndiye mjanja. Siku ile mjanja alikuwa aliyeniuzia."

Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Sungura walinenepa, wakapigana, wakanenepa tena. Majirani walipita ukutani wakiuliza habari za wajukuu. Mmoja wao, mwanamke mwenye ulimi wa upanga, ndiye aliyempa jina. "Jamani, Mama Masikio hajaitwa bibi bado?" Jina likashika, na kicheko kikashika nalo.

Hatimaye bwana mifugo wa eneo hilo, kijana mpole anayezunguka kwa baiskeli, alipita kumchanja mbwa wa jirani. Mama Masikio akamwita. Kijana akamgeuza sungura wa kwanza, akatazama. Akamgeuza wa pili, akatazama kwa muda mrefu zaidi, akiuma midomo.

"Mama," akasema, "hawa wote ni madume. Utasubiri mpaka kiama."

Fundi, aliyekuwa akipiga randa upande wa pili, aliangusha randa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Mama Masikio naye alianza kwa kununa, akashindwa, wakacheka wote watatu mpaka mama mkwe, mama yake Fundi anayeishi nao, akatoka chumbani kuuliza nani kafa.

Bwana mifugo hakumwacha hivyo. Alimwonyesha namna ya kutofautisha jike na dume, akambadilishia dume mmoja kwa jike mweupe kutoka kwa mfugaji mwingine. Safari hii mambo yakaenda. Mwezi ulipotimia tu, jike yule akazaa. Lakini alizaa usiku juu ya waya mtupu, kwa sababu hakuna aliyemwambia Mama Masikio kwamba sungura hutaka sanduku la kuzalia. Asubuhi aliwakuta wote wamekufa kwa baridi.

Anapofika hapo anapunguza sauti. "Niliwafunga kwenye kitambaa, nikawafukia pale kwenye mchicha. Sikulia. Ila chai ya siku ile niliiacha ikapoa."

Fundi ni mtu wa mizaha, lakini siku ile hakutania. Jioni yake alisikika akipiga misumari, na asubuhi iliyofuata palikuwa na sanduku mlangoni mwa kizimba: mbao nyepesi zilizopigwa msasa pande zote ili zisimkwaruze mzazi, kizingiti kifupi mbele ili watoto wasidondoke, na matundu madogo ya hewa yaliyopangwa mstari.

"Nilimuuliza, 'Fundi, hili la nani?'" anasimulia. "Akasema, 'La mteja.' Nikamwambia mteja gani? Akasema, 'Yule mweupe. Hajalipa, lakini namwamini.'"

Mzao wa pili ulipona wote.

Kazi ya kufuga ilipomwelea, ikaja ile aliyokuwa akiikwepa. Nyama haitembei yenyewe mpaka kwenye sufuria. Siku ya kwanza ya kuchinja, mkono ulimgoma. Alikuwa amewapa wote majina, na yule aliyepangiwa zamu alikuwa akimlamba kidole. Ilibidi mchinjaji wa mtaani aitwe, na yeye akaingia ndani akafungulia redio.

Tangu hapo akajiwekea sheria. Wazazi wana majina: dume wa kijivu ni Mwenye Nyumba, jike mweupe alikuwa Bi Harusi. Wa kuliwa hawana.

"Ukishampa jina, umeshampa kitanda," anasema. "Nawalisha vizuri, siwatesi, kizimba kikavu, maji safi. Siku ikifika, inafika haraka. Hiyo ndiyo heshima ninayoweza kuwapa."

Na hapo upishi wake wa miaka yote ukarudi kazini. Nyama ya sungura haina mafuta mengi. Ukiikimbiza motoni inakauka kama kandambili. Yeye aliiloweka kwenye ndimu, vitunguu saumu na tangawizi, akaipika pole pole kwa moto mdogo. Harufu ikaruka ukuta. Yule jirani mwenye ulimi wa upanga ndiye aliyekuja wa kwanza, amebeba sahani, anajidai amekuja kuomba chumvi.

"Nikamwambia, chumvi imo humu humu, kaa ule," anasema Mama Masikio. Leo jirani huyo huchukua sungura mmoja kila mwisho wa wiki, na hakubali mtu mwingine amtangulie.

Aliyebaki kuwa mgumu alikuwa mama mkwe. Bibi huyo, mwembamba, mnyoofu kama ufito, alitangaza kwamba hawezi kula mnyama mwenye meno ya panya. Kila alipopikwa sungura, yeye alikula mboga za majani akiwa amegeuza kiti kutazama ukuta.

Kisha mvua zikaja, na nazo zikaja siku mbaya kuliko zote. Mama Masikio alikata majani mabichi kandokando ya mtaro, yakiwa yamelowa chapachapa, akawamwagia. Alidhani anawafanyia karamu. Asubuhi matumbo yalikuwa yamevimba kama ngoma. Bwana mifugo alifika mbio, akaokoa aliowaweza, lakini kabla wiki haijaisha, zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Bi Harusi alikuwa mmoja wao.

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Mama Masikio aliurudia msemo huo siku nzima. Alisafisha vizimba vilivyobaki vitupu, akavifunga, akamwambia mumewe abomoe mbao atengenezee viti. Fundi alishika nyundo, akaizungusha mkononi, akaiweka chini.

"Nyundo imechoka leo," akasema. "Tuiulize kesho."

Aliyekuja kumtoa kwenye kigoda alipojiinamia hakuwa Fundi. Alikuwa mama mkwe, na mundu mkononi.

"Mwanangu, inuka," akamwambia. "Nyama yake mimi sili, unajua. Lakini siwezi kukaa nyumba moja na mkamwana anayelia kama redio iliyokwisha betri. Yule kijana wa baiskeli kasemaje?"

"Kasema majani yaanikwe yanyauke kwanza, Mama."

"Basi? Maharage nimeanika tangu hujazaliwa. Majani ndiyo yatanishinda? Kazi ya majani niachie mimi. Wewe kapike, uza, hangaika na hao wenye masikio. Na usinifunze."

Tangu siku hiyo baraza ya nyumba ina kamba tatu zilizofungwa chini ya paa, na juu yake majani yananing'inia kama nguo za wageni. Bibi huyageuza asubuhi, huyanusa mchana, na akikuta tita moja lina unyevu hulirudisha bila kumsikiliza mtu. Hata mwanawe haruhusiwi kupita na vumbi la mbao karibu na hapo. Ufugaji ulianza upya kwa majike wachache waliopona, na kwa dume wa kijivu ambaye hakuumwa hata siku moja.

Na nyama? Ilikuwa Jumapili moja baada ya mzao mkubwa. Binti mkubwa alikuwa amekuja likizo kutoka chuo cha uuguzi, ambako karo yake sasa inatoka kwenye vizimba. Mama Masikio aliandaa kama kawaida: bakuli la nyama katikati, mboga za Bibi pembeni. Bibi akaketi, akautazama ukuta, akageuza kiti kuelekea mezani. Akavuta bakuli la nyama. Akachukua kipande, akatafuna kwa makini kama anayeonja dawa.

"Kuku huyu ni wa wapi?" akauliza.

"Mama," akasema Mama Masikio, akiogopa kucheka, "si kuku."

"Najua si kuku. Sijazeeka macho. Nimeuliza ni wa wapi."

"Ni wa hapa hapa. Wa majani yako."

Bibi akachukua kipande cha pili. "Ndiyo maana," akasema, akaendelea kula mpaka bakuli likabaki mifupa.

Leo, ikifika saa nne asubuhi, mwenye mgahawa wa barabara kuu anaingia uani na kapu lililofunikwa kitambaa. Ni mwanamke mnene, mcheshi, na anaanza kulalamika kabla hajasalimia.

"Mama Masikio, unanigombanisha na wateja wangu. Juzi nyama imeisha saa saba mchana. Kuna mzee amekataa kuondoka, anasema atasubiri mpaka uchinje mwingine."

"Mwambie aje akate majani."

"Akate mbele ya mama mkwe wako? Namtakia mema yule mzee."

Barazani Bibi anasikia, anakohoa. Wanawake wawili wanashikana mikono wakicheka. Nyama, iliyochinjwa alfajiri, imeshaoshwa na kufungwa, inaingia kapuni. Anachopata Mama Masikio kwa mwezi sasa ni karibu mara mbili ya mshahara wake wa jikoni shuleni, na tofauti kubwa, anasema, ni kwamba ule wa zamani ulikuwa unaisha kabla haujafika nyumbani.

Kapu likishaondoka, Fundi anatoka karakanani na futi ya kupimia. Anaiweka ukutani, upande unaotazama barabara, anachora alama kwa kalamu aliyoichomeka sikioni. Huo ndio mpango mpya. Kufikia mwisho wa mwaka wanataka kuutoboa ukuta huo, waweke dirisha, jiko la mkaa ndani na benchi nje, ili Mama Masikio apike na kuuza mwenyewe, mchana na jioni. Wanawake wawili wa mtaani, mmoja wao yule jirani aliyempa jina, ndiyo kwanza wameanza kufuga kwa mbegu yake na watamletea nyama ile yake isipotosha.

"Hapa na hapa," anasema Fundi, akionyesha alama zake. "Linatosha kupitisha sahani."

Mama Masikio anasogea, anatazama ile alama, anatikisa kichwa. Anamnyang'anya kalamu.

"Shuleni nilipika miaka yote nyuma ya dirisha la kupitisha sahani," anasema. "Watoto waliona mikono yangu tu. Wengine wamekua, wameoa, tunapishana njiani hawanijui. Langu hili nataka liwe kubwa, Fundi. Mtu akila, anione usoni."

Anachora mstari wake, mrefu, kutoka nguzo hadi nguzo. Fundi anaupima, anapiga mluzi, anasema mbao zitakuwa nyingi. Kisha anaingia karakanani kuzitafuta.