Tulivyokwenda kununua bunduki ya dubu

Leo muuza bunduki kaniuliza swali, jamani, na mpaka sasa naliwaza.

Binti yangu Neema amepata kazi ya kupanda miti kaskazini, kwenye dubu wengi. Leseni ya bunduki anayo. Mimi ndiye niliyemsukuma aitafute. Tangu baba yake afariki naogopa kila kitu.

Basi tukaingia duka moja hapa Toronto.
Nikanyoosha kidole kwenye shotgani kubwa kuliko zote.

"Mama, hiyo hata kuibeba siwezi!"
"Utaizoea."

Muuzaji, mzee wa ndevu nyeupe, akaishikilia bila kutukabidhi.
"Niambie kwanza. Usiku, uko ndani ya hema, unasikia kitu kizito kinakanyaga majani nje. Ni nini?"
"Dubu," nikajibu hapo hapo.
"Una hakika?"
"Ndiyo. Apige!"

Neema akanigeukia, macho yamejaa machozi.
"Mama," akasema polepole, "tulipokuwa tunapiga kambi, huyo alikuwa Baba."

Kweli. Marehemu alikuwa akitoka kutazama nyota, blanketi mabegani, ndala miguuni. Kila mara nilipiga kelele "dubu!", naye akacheka mpaka akakaa chini.

Dukani hakuna aliyecheka.

Muuzaji akairudisha bunduki kabatini. Tumetoka na makopo mawili ya pilipili ya kumpulizia dubu. Neema anaondoka Jumatatu.

Ninyi mliofanya kazi huko, niambieni ukweli: pilipili inatosha?

Nimebaki na huyu mmoja tu.