Kitufe cha Kioo Kizima

Natengeneza programu za simu nyumbani kwangu Hamugembe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupima vitufe. Mwongozo tunaoufuata unataka kila kitufe kitoshe ncha ya kidole. Programu hii mpya ya wakulima wa kahawa tuliijaribu Muleba, kwa watu wa maofisini, wakabonyeza bila shida. Nikaipeleka kijijini Kanazi kwa mama.

Nilimkuta anaanua kahawa. Akakaa, nikampa simu, akabonyeza palipoandikwa “Endelea”. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama anayeua mdudu.

“Kitufe ni kidogo, mama,” nikamwambia. Nikafungua kompyuta pale pale barazani, nikakipanua. Kimya. Hasira zikanipanda. Nikakipanua tena na tena hadi kikajaa kioo kizima, kijani kitupu, pasiwe na mahali pa kukosea.

Mama akaweka kidole katikati. Kimya.

Nikadhani simu imekwama. Nikagusa mimi, ikafunguka papo hapo.

Ndipo nikaushika mkono wake. Ngozi ya vidole ilikuwa kavu na ngumu kama ganda, imesuguliwa na jembe mpaka mistari yake imefutika. Kioo kilikuwa hakimhisi kabisa. Hata ningekipanua kitufe kikaenea kibanja chake chote cha kahawa, kisingejua kwamba kuna mtu.

“Labda mkono wangu ni mchafu,” akasema. Akakifuta kioo taratibu kwa kanga yake, akanirudishia simu kwa mikono miwili.