Ya Kuongeza Damu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja chupa mbili za vipimo kabla ya saa nne asubuhi. Msimamizi wa maabara, mama mkali wa Kisauni, hakunifokea. Alinipa ufagio. Nilipomaliza kuzoa vioo akanisimamisha mbele ya friji ya damu, akaniambia, "Mwanangu, hizo zilikuwa za mkojo, tutaomba mwingine. Lakini zilizomo humu ukizimwaga, wallahi utakiona cha mtema kuni."

Ninyi vijana wa maabara mnafanyiwa kila kitu na mashine. Sisi tulilinganisha damu kwa mkono. Unatoa damu kidogo ya mgonjwa, unaizungusha mpaka maji yake ya manjano yajitenge juu, unayachanganya na damu ya mchangiaji, kisha unatazama. Ikibaki laini, inafaa. Ikishikana vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika, ukimtia mgonjwa unamuua. Nilikuwa hodari, sioni haya kusema. Nilihamishiwa zahanati moja Changamwe, nikawapima malaria madereva wa malori ya bandari ya Kipevu mpaka macho yakaniuma, kisha nikaletwa hospitali ndogo huku kwetu Likoni. Hapo ndipo nilipokaa hadi kustaafu.

Daktari mkuu wa hapo alikuwa na amri moja ambayo hakuichezea. "Kabla hujamwekea mtu damu ya mwenzake, muulize," alituambia. "Na jibu lake uliandike kama alivyolitamka. Usimpambie." Alikuwa na sababu. Tulikuwa na wagonjwa ambao dini yao inawakataza kupokea damu. Kwao damu ni uhai, na uhai ni wa Mungu, hauingizwi mwilini kwa mdomo wala kwa mshipa. Mimi ni Muislamu na sikuwahi kukubaliana nao, ila walisema msimamo wao waziwazi na walitembea na kadi zao zilizotiwa sahihi. Mzee mmoja alinishika mkono akanifariji mimi, yeye aliyekuwa akifa. Nilienda kulia stoo.

Sidi alikuwa mmoja wao. Nilimfahamu tangu alipokuwa akija kliniki na mimba yake ya kwanza, maana kila mama mjamzito lazima apimwe wingi wa damu. Yake ilikuwa pungufu. Aliniambia kwa upole, akiniita daktari kama wagonjwa wote walivyotuita sisi wa maabara, kwamba kwao damu ya mtu haipokelewi, nami nikamtania kuwa basi ale mchicha mpaka ageuke kijani. Kila mwezi alipewa vidonge vile vyekundu vya madini ya chuma. Huku kwetu hakuna mama anayeviita hivyo. Wote husema "ya kuongeza damu".

Alijifungua mtoto wa kike mchana mmoja, na damu ikakataa kusimama. Mumewe alikuwa safarini na lori, mamake yuko njiani, kadi yake imesahaulika nyumbani. Daktari wa zamu hakumjua. Alinituma kuchukua sampuli na kumuuliza.

Nilimwinamia. Midomo yake ilikuwa myeupe. Ningeweza kumwambia "damu ya mtu". Maneno hayo nilikuwa nayo, sisi watu wa pwani tunajidai Kiswahili ni chetu. Nikasema, "Sidi, unakubali ya kuongeza damu?"

"Nakubali," akasema. "Hiyo nimeizoea."

Nilielewa. Ndilo jambo ninaloliandikia haya yote. Nilielewa pale pale kwamba anasema vidonge. Nikaandika neno moja kwenye faili, "Amekubali", nikalinganisha damu haraka kuliko siku zote, na jioni Sidi alikuwa anamnyonyesha mwanawe. Nilifurahi kama mwizi.

Baada ya wiki moja alirudi na mamake, pamoja na mzee wa kusanyiko lao. Mama alipofika siku ile ya kujifungua alikuwa ameikuta chupa ya damu ikining'inia. Tuliwakaribisha katika ofisi ya daktari mkuu.

"Babangu, niambie kweli tu," mama aliniomba. "Mwanangu alikubali?"

Mzee wa kusanyiko hakuja kwa shari. "Kama hakuelewa alichoulizwa," alisema, "kwetu hana kosa lolote. Lakini kama alikubali kwa hiari yake, hatutakuwa naye tena."

Sidi alinitazama mimi tu. "Daktari, nilidhani vidonge. Waambie nilivyosema."

Daktari mkuu akanisogezea faili. Nilijua nikisema kweli, kazi imekwisha na huenda nikafikishwa mahakamani. Nina watoto, nilijiambia. Nikafungua, nikasoma, "Amekubali."

Mama alijifunga leso vizuri, akatoka bila kumgeukia bintiye. Kusanyiko lilimtenga Sidi, na tangu siku ile mamake hakuonja tena chakula chake. Mtaani walipishana kama watu wasiojuana.

Nilistaafu kwa keki na hotuba. Walisema sikuwahi kukosea kulinganisha damu, na ni kweli. Watu wakiniuliza kama najutia chochote, nawaambia sijutii kwamba Sidi yu hai. Nikiambiwa nichague tena, sijui kama ningeweza kumwacha afe. Lakini hapo ofisini hakuna aliyekuwa akifa. Niliogopa tu, nikamtupa mtu aliye hai akiwa ananiangalia.

Mwaka huu niliandika barua, maneno ya Sidi na yangu kama yalivyotamkwa, nikatia sahihi. Nikauliza huku na huku mpaka nikaambiwa amehamia Mjambere. Alinifungulia mlango mwenyewe.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu." Nikampa barua.

Aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

Ndani nilimsikia binti yake akisoma kwa sauti masomo ya shule.

"Hii ingekuja kabla ya Ramadhani yenu," akasema hatimaye, "ningekimbia nayo kwa mama, hata miguu mitupu. Tumemzika. Mimi nilisimama nyuma kabisa, na majirani." Akaikunja barua taratibu, akanirudishia. "Sasa nimpelekee nani, daktari?"